Kisa cha Nyuzi 85: Bodi ya Bluetooth ya Nishati Ndogo Katika Kituo cha Kupozea Maziwa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha kupozea maziwa kinachomilikiwa na chama cha ushirika cha wafugaji, upande wa nyanda za juu za Kaunti ya Nakuru. Wahusika wamekubali kisimuliwe kwa sharti kwamba majina yao, jina la chama na jina la eneo visitajwe. Nimeondoa pia tarehe, pamoja na maelezo machache ambayo jirani angeweza kuwatambua kwayo. Wahusika wakuu ni vijana wawili niliowahi kuwafundisha elektroniki katika chuo cha ufundi: mmoja ni binti anayeandika programu, nitakayemwita mwanaprogramu, na wa pili ni kijana mwenye kibanda cha kutengeneza redio na simu, nitakayemwita fundi. Mimi nilikuwa mshauri wao, na uamuzi mmoja mbaya kati ya ile nitakayoieleza ulipita kwa idhini yangu.

Ninakiandika kwa ajili ya wale wanaonunua bodi ya majaribio ya Bluetooth ya nishati ndogo kwa mara ya kwanza na kuichomeka kwenye kompyuta. Mafunzo mengi huwafikisha kwenye taa inayomemeteka na simu inayoona jina la kifaa, kisha huwaachia hapo. Yaliyowapata vijana hawa yalianza baada ya hatua hiyo.

Hali ilivyokuwa kituoni

Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, takriban nyuzi 38 za selsiasi, na yasipopozwa upesi hadi nyuzi 4 hivi, bakteria huongezeka humo kwa kasi. Kituo kilikuwa na tangi moja la chuma cha pua, kipimajoto cha mshale, na daftari ambamo karani aliandika joto mara tatu kwa siku. Usiku hakuna aliyeandika chochote. Umeme ulipopotea, mlinzi alimpigia simu mwenye kuwasha jenereta, na mpango huo ulifanya kazi vizuri. Tatizo lilikuwa zile nyakati ambapo mtambo wa kupoza ulisimama huku taa zikiwaka, kwa mfano pale awamu moja ya umeme ilipokatika na nyingine zikabaki. Mlinzi aliona taa, akaamini mambo ni sawa. Katika muda wa miezi mitatu, maziwa ya tangi zima yaliganda mara mbili asubuhi kwenye kipimo cha alkoholi, ambacho hugandisha maziwa yaliyoanza kuchacha, na gari la kiwanda likaondoka bila kuyachukua. Hasara hiyo iliwaangukia wafugaji wenyewe, wengi wao wakiwa na ng'ombe wawili au watatu.

Meneja aliwauliza vijana hao kama kungepatikana kifaa cha kupima joto usiku kucha na kumwamsha mlinzi, kisichotegemea umeme wa kituo na kisicholipiwa ada ya kila mwezi.

Kwa nini Bluetooth ya nishati ndogo

Wi-Fi ilikataliwa siku ya kwanza, kwa kuwa ruta ingezimika pamoja na umeme, yaani wakati uleule inapohitajika. Moduli ya simu yenye laini yake ilifikiriwa zaidi, maana ingeweza kumfikia meneja nyumbani kwake. Lakini moduli za aina hiyo huvuta mkondo mkubwa wa ghafla zinapotuma, wakati mwingine unaofikia ampea 2, na hivyo zingehitaji betri kubwa ya kuchajiwa. Kilichobaki ni Bluetooth ya nishati ndogo, iliyoingizwa katika toleo la 4.0 la Bluetooth mwaka 2010 kwa ajili ya vifaa vinavyolala karibu muda wote na kuamka kwa milisekunde chache tu ili kutuma ujumbe mfupi. Hutumia masafa ya gigahezi 2.4 yaliyogawanywa katika chaneli 40, na tatu kati ya hizo ndizo chaneli kuu za matangazo, yaani jumbe fupi ambazo kifaa huzirusha hewani ili chochote kilicho karibu kizisikie. Simu ya mlinzi na ya karani zote zilikuwa za Android na tayari zilikuwa na redio hiyo ndani, kwa hiyo upande wa kupokea haukugharimu kitu.

Walinunua bodi mbili za nRF52 DK za kampuni ya Nordic Semiconductor ya Norway, moja ya kukaa mezani na nyingine ya kupelekwa kituoni. Bodi hiyo ina chipu ya nRF52832, ambayo ni kichakataji cha Cortex-M4 cha megahezi 64 na redio katika kipande kimoja, chenye kilobaiti 512 za kuhifadhi programu na 64 za kumbukumbu ya kazi. Ina vitufe vinne, taa nne, kifaa cha kupakia programu kilichojengwa ndani yake na, upande wa nyuma, kishikio cha betri ya sarafu ya CR2032. Kihisi cha joto walichochagua kilikuwa DS18B20, kwa kuwa walikizoea tangu chuoni: hutoa namba iliyokamilika, na usahihi wake ni nusu nyuzi kati ya -10 na 85. Sikuona sababu ya kuwapinga. Karatasi ya maelezo ya kihisi hicho inasema wazi kwamba kinahitaji volti 3.0 hadi 5.5, na sote watatu tulikuwa tumewahi kuisoma karatasi hiyo.

Wiki ya kwanza, mezani

Siku ya kwanza yote ilipotea kwa sababu ya waya. Kompyuta haikuiona bodi hata kidogo, ingawa taa yake iliwaka, na fundi alikwisha kuanza kuishuku bodi alipobaini kwamba kebo ya USB waliyoitumia ilikuwa ya kuchajia simu tu, isiyo na nyaya mbili za data. Walipoibadilisha, bodi ikatokea. Siku ya pili ilitumika kupakua vifaa vya programu, vyenye ukubwa wa gigabaiti kadhaa, kwa bando la simu. Wakaishia kwenda kuvipakua kwa rafiki mwenye intaneti ya waya. Wenye kupanga kazi kama hii hawana budi kuihesabu siku hiyo na gharama hiyo mapema, kwani mwanafunzi anayeishiwa na bando katikati huishia kuwa na vifaa nusunusu na ujumbe wa makosa usioeleweka.

Vifaa vyenyewe, nRF Connect SDK, vimejengwa juu ya mfumo endeshi wa vifaa vidogo uitwao Zephyr. Hapa mwanaprogramu alikwama kwa saa kadhaa kwa sababu mafunzo aliyoyafuata yaliandika jina la bodi kwa namna ya zamani, huku mfumo ukiwa umebadilisha namna ya kuandika majina hayo tangu Zephyr 3.7 ya mwaka 2024. Jina la zamani liliunganisha bodi na chipu kwa mstari wa chini, na la sasa huzitenganisha kwa mkwaju. Hilo ni badiliko la herufi moja, lakini kwa mgeni ni ukuta.

Kisha simu haikuona kitu. Bodi ilikuwa inatangaza, programu ya kuchungulia matangazo ilikuwa imefunguliwa, lakini orodha ilikuwa tupu. Kuanzia Android 6.0 hadi 11, simu haiziruhusu programu za kawaida kutafuta vifaa vya Bluetooth ya nishati ndogo bila ruhusa ya mahali, na huduma ya mahali yenyewe mara nyingi hutakiwa iwe imewashwa. Fundi alikuwa ameizima ili kuokoa chaji. Alipoiwasha, jina la bodi likatokea papo hapo.

Kosa la mwisho la wiki hiyo ndilo ninalopenda kuwaonyesha wanafunzi. Joto hutumwa kama namba nzima ya baiti mbili katika vipimo vya sehemu moja ya mia ya nyuzi, hivyo nyuzi 4.00 huwa 400, ambayo katika hesabu ya msingi wa 16 ni 0190. Bluetooth hutanguliza baiti ndogo, kwa hiyo hewani hupita 90 kisha 01. Programu ya simu aliyoiandika mwanaprogramu ilizisoma kwa mpangilio wa kinyume, ikapata 9001, na kwa kuwa namba hiyo ina alama ya hasi, simu ikaonyesha nyuzi -286.71. Hakuna kitu ulimwenguni chenye baridi ya chini ya -273.15. Mwanaprogramu alilitambua hilo mara moja na akalirekebisha kwa dakika mbili. Namba isiyowezekana ilimsaidia kwa sababu alikubali kuihoji.

Kufikia Ijumaa, mfumo ulifanya kazi mezani kwa saa 48 mfululizo. Kihisi kilikuwa katika bilauri ya maji ya baridi, simu ilikuwa upande wa pili wa chumba, na bodi ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta kwa muda wote huo.

Kituoni

Walifika kituoni siku ya Jumatatu, wakatia betri mpya ya sarafu, wakaingiza kihisi katika mfuko wa chuma wa kipimajoto ulio ubavuni mwa tangi ili kisigusane na maziwa, kisha wakaiweka bodi ndani ya kisanduku cha plastiki juu ya kifuniko cha tangi. Simu ya karani iliyokuwa mezani, mita kumi hivi kutoka hapo, ilipata tangazo moja kati ya mengi. Chuma kilichokaribiana na antena huivuruga, na mwili wa tangi ulisimama kati ya redio na simu. Wakakihamisha kisanduku hadi kwenye nguzo ya mbao, mita moja kutoka kwenye tangi, na nguvu ya mawimbi ikapanda kutoka -93 hadi -71. Hilo lilikuwa jambo dogo.

Jambo la pili lilihitaji kufikiriwa zaidi. Toleo la kwanza lilifanya kazi kwa kuunganishwa: simu ilishikana na bodi na kusoma joto. Lakini bodi ikishakuwa imeunganishwa na simu moja, kwa jinsi programu ile ilivyoandikwa, iliacha kutangaza. Jioni mlinzi alifungua programu kwenye simu yake, na karani aliyekuwa ofisini akakikosa kifaa kabisa. Waliamua kuacha miunganisho na kuliweka joto ndani ya tangazo lenyewe, ili simu yoyote iliyo karibu ilisome bila kumnyima mwingine. Tangazo la kawaida lina nafasi ya baiti 31. Alama za lazima huchukua 3, na taarifa ya huduma ya mazingira, yenye namba 181A, ilichukua 8 ikiwa na joto na kihesabio. Kihesabio hicho, kinachoongezeka kwa moja kila joto linapopimwa, kilikuwa wazo la fundi. Alisema kwamba simu ikionyesha nyuzi 4 haimaanishi kuwa bodi ingali hai, kwa hiyo mlinzi apewe namba inayosogea. Ninaukumbuka uamuzi huo kuwa bora kuliko yote waliyoyaamua bila msaada wangu.

Hawakuificha taarifa kwa usimbaji. Joto la maziwa si siri, na mtu wa kutangaza joto la uongo hakuwa tishio walilohitaji kulishughulikia katika jaribio.

Namba 85

Usiku mbili zilipita salama. Usiku wa tatu, baada ya saa sita, simu ya mlinzi ililia na kuonyesha nyuzi 85. Mlinzi alikimbia kwenye tangi, akaangalia kipimajoto cha mshale, akakuta nyuzi 4. Simu ilirudi kwenye 4.1, kisha 85 tena. Usiku wa nne ilimwamsha mara kumi na moja.

Vijana walifika asubuhi na kompyuta, wakaichomeka bodi, wakafuatilia kumbukumbu za vipimo kwa saa tatu, na 85 haikutokea hata mara moja. Walijua kwamba 85 ndiyo thamani ambayo DS18B20 huwa nayo kinapowashwa, kabla hakijakamilisha kipimo cha kwanza. Kipimo kwa ukamilifu wa biti 12 huchukua hadi milisekunde 750, na mtu akisoma kabla ya hapo huipata namba hiyo. Wakahitimisha kwamba programu inaharakisha, wakauongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 1, wakachomoa kompyuta na kwenda zao. Usiku huo 85 ikarudi.

Mwanaprogramu alinipigia simu. Alipendekeza programu iitupe thamani ya 85 kila inapotokea, kwa kuwa maziwa hayawezi kufikia joto hilo, na ionyeshe thamani halali ya mwisho. Nikamwambia afanye hivyo kwa muda. Kengele zikakoma, mlinzi akalala, meneja akatushukuru.

Ile -286.71 ya mezani ilihojiwa. Hii 85 tuliizima. Tofauti ilikuwa uchovu, pamoja na aibu ya kumwamsha mzee wa watu mara kumi na moja kwa usiku mmoja. Kwa usiku kadhaa zilizofuata, simu ilionyesha nyuzi 4 zisizobadilika huku kihesabio kikiendelea kusogea, maana kilihesabu majaribio ya kupima na wala si vipimo vilivyofaulu. Ulinzi alioujenga fundi ukawa umetobolewa na marekebisho yetu. Siku ya 12 kifaa kilinyamaza kabisa kwa kuishiwa na betri, ilhali hesabu yetu ya mezani ilikuwa imewaahidi zaidi ya mwaka mmoja.

Maneno ya mlinzi

Siku hiyo tulikwenda sote watatu. Tulipokuwa tunachomeka kompyuta, mlinzi, aliyekuwa anamaliza zamu, alimwambia mwanaprogramu: "Binti yangu, hiki chombo kikiona kompyuta yenu kinatulia. Mkienda nayo kinaanza tena." Mwanaprogramu alijibu kwa adabu, "Ni kweli, Mzee," akaendelea na kazi. Kisha akasimama, akauchomoa waya alioushika, akautazama.

Kompyuta iliipa bodi umeme. Kidhibiti kilichomo kwenye bodi huushusha umeme wa USB hadi kiwango thabiti kisichoyumba kihisi kinapoanza kazi. Betri ya sarafu huandikwa volti 3, lakini ina ukinzani wake wa ndani, unaoongezeka betri inapochoka na inapopata baridi. DS18B20 huvuta takriban miliampea 1 kwa karibu sekunde nzima ya kupima. Katika usiku wa baridi wa nyanda za juu, volti iliporomoka chini ya 3.0 katikati ya kipimo, kihisi kikazimika na kuwaka upya, na kilipoulizwa kikatoa thamani yake ya kuamkia. Kila tulipokwenda kuuchunguza ugonjwa, tulikuwa tumeutibu kwa waya uleule tuliouchomeka ili kuuona.

Hilo lilikuwa dhana tu mpaka lilipopimwa. Chipu ya nRF52832 inaweza kupima volti yake yenyewe bila kifaa cha ziada, na baiti mbili za tangazo zilitosha kuibeba taarifa hiyo. Mwanaprogramu aliiongeza hapohapo kituoni, akapima kabla ya kazi ya kihisi na mwishoni mwake, huku bodi ikiwa imetiwa betri mpya na kompyuta imechomolewa. Betri ilionyesha volti 2.98 ikiwa imetulia na 2.81 mwishoni mwa kipimo. Betri mpya kabisa, mchana, ilikuwa tayari chini ya kikomo.

Kubadilisha kihisi

Njia tatu zilijadiliwa. Betri kubwa zaidi ingeficha tatizo kwa muda, kwa kuwa hata betri mbili za kawaida za AA hushuka chini ya volti 3.0 zikiwa bado na nishati nyingi, na tatu zingezidi volti 3.6, kikomo cha chipu. Kihisi cha kisasa kinachofanya kazi kuanzia volti 1.8 kingefaa, lakini kingeagizwa kutoka mbali na kungoja wiki kadhaa. Walichagua thamista ya kiloohmu 10, ambayo fundi alikuwa nayo kibandani, ikiunganishwa na rezista ya kiloohmu 10 yenye kosa lisilozidi asilimia 1.

Thamista haina volti ya chini. Ukinzani wake hubadilika kwa joto: yao, iliyo kiloohmu 10 kwa nyuzi 25, hufikia karibu kiloohmu 27 kwa nyuzi 4. Chipu iliwekwa ipime kwa kulinganisha na volti ya betri yenyewe, hivyo betri inaposhuka, pande zote mbili za mlinganisho hushuka pamoja na jibu halibadiliki. Umeme wa kuipa thamista ulitoka kwenye pini ya chipu inayowashwa kwa milisekunde chache kisha kuzimwa. Kama ingeunganishwa moja kwa moja na betri, ingenyonya takriban mikroampea 80 usiku na mchana.

Thamista inahitaji kusawazishwa, na hapa fundi alitaka kutumia barafu inayoyeyuka kama nyuzi 0 na maji yanayochemka kama nyuzi 100. Nilimzuia kwenye hatua ya pili. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwa takriban nyuzi 94; kituoni, palipoinuka zaidi, huchemka kwa chini ya hapo. Angepachika kosa la nyuzi sita kwenye kifaa chake kwa uangalifu mkubwa. Barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji, ikakorogwa, hukaa kwenye 0 popote pale, na kwa kazi inayozunguka nyuzi 4 nukta hiyo ilitosha, pamoja na nukta ya pili ya maji vuguvugu yaliyopimwa kwa kipimajoto kizuri cha maabara.

Betri iliyokwenda siku 12

Swali la betri lilibaki. Bodi hii ina pini maalumu za kupimia mkondo wa chipu, lakini ni lazima kwanza kukata kidaraja chembamba cha lehemu kinachoziunganisha. Fundi alikata, akaweka rezista ya ohmu 10 mahali pake na kusoma volti juu yake: milivolti 6, yaani mikroampea 600. Betri ya CR2032 hubeba takriban miliampea-saa 220. Kugawanya kwa hesabu rahisi kulitoa siku 15, na ukiongeza kazi ya kihisi cha zamani, siku 12 hazikuwa tena muujiza.

Sababu kuu ilikuwa bandari ya mfululizo, ile iliyotumika kuandikia kumbukumbu kwenye kompyuta wakati wa wiki ya mezani. Hakuna aliyekuwa anaisikiliza tena, lakini ilikuwa wazi kupokea, na kwa hiyo iliilazimisha saa ya kasi ya chipu kubaki macho. Mwanaprogramu aliifunga katika mipangilio. Kisha akaongeza nafasi kati ya tangazo na tangazo kutoka milisekunde 100, zilizokuja na mfano aliouanzia, hadi sekunde 2. Mkondo sasa ulikuwa mdogo kiasi kwamba rezista ya ohmu 10 haikuonyesha kitu, ikabidi waibadilishe kwa ya kiloohmu 1 yenye kapasita kubwa upande wa chipu, wakiikwepesha kwa waya wakati wa kuwasha. Walisoma milivolti 11, yaani mikroampea 11.

Matokeo

Kifaa kilirudishwa kituoni kikiwa na thamista. Miezi saba baadaye, ninapoandika, betri ni ileile na inatangaza volti 2.93. Namba 85 haijaonekana tena.

Mtambo wa kupoza ulisimama mara moja usiku katika kipindi hicho huku taa zikiwaka. Joto lilipita nyuzi 6, lakini simu ya mlinzi haikulia, kwa kuwa Android ilikuwa imeilaza programu ili kuokoa chaji. Mlinzi aliona mwenyewe alipoitazama simu saa tisa usiku, akampigia meneja, na fundi wa mtambo akaja. Maziwa yalipita kipimo asubuhi. Tangu siku hiyo kuna simu kuukuu iliyotundikwa ukutani ikiwa kwenye chaja, na programu imeondolewa katika orodha ya zile zinazolazwa. Umeme ukikatika, simu hiyo huendelea kwa chaji yake kwa saa kadhaa. Meneja akiwa nyumbani bado hajui lolote mpaka apigiwe.

Chama kimeomba kifaa cha pili. Kwa jaribio, bodi ya majaribio inatosha, lakini vijana wakitaka kuunda vifaa vyao na kuviuza watahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwa kifaa chenye redio, na gharama hiyo bado hawajaijumlisha katika bei waliyomtajia meneja.

Uchambuzi

Chaguo la teknolojia lilikuwa sahihi, na sababu zilizotolewa siku ya kwanza zimesimama. Kutangaza badala ya kuunganisha kulirahisisha kila kitu kilichofuata. Kununua bodi mbili kulimwezesha mwanaprogramu kujaribu nyumbani bila kukizima kifaa cha kituoni, na ningemshauri yeyote afanye hivyo hata kama fedha ni chache.

Kushindwa kwetu kulianzia saa 48 za mezani. Tuliziita jaribio, lakini tulichokijaribu kilikuwa bodi nyingine: yenye umeme usioisha, yenye mtu anayesikiliza bandari yake, katika chumba chenye joto. Kama bodi ingechomolewa siku ya kwanza kabisa, mara tu taa ilipomemeteka, na kuendeshwa kwa betri ileile itakayoishi nayo, kihisi kingeanguka mbele ya macho yetu kabla ya kufika kwenye tangi. Mkondo nao ungepimwa wakati programu ilipokuwa na mistari hamsini, na bandari iliyoachwa wazi ingejulikana kwa dakika chache. Sasa mwanaprogramu hufanya hivyo. Huandika programu kwa waya, na kila jioni huuchomoa na kuiacha bodi ilale na betri ndani ya friji ya nyumbani, mlango ukiwa umefungwa na simu ikiwa nje.

Volti ya betri ingekuwa ndani ya tangazo tangu mwanzo. Ni baiti mbili, chipu huipima bure, na ndiyo taarifa pekee ambayo ingetueleza yaliyotokea usiku wakati hakuna hata mmoja wetu aliyekuwapo.

Kuhusu kuitupa 85, kosa langu halikuwa kukubali kwamba maziwa hayawezi kufikia joto hilo, maana hayawezi. Kosa lilikuwa kuibadilisha kwa namba iliyoonekana kuwa ya kweli. Programu ingeweza kuonyesha kistari, au neno "hakuna kipimo", na mlinzi angejua kwamba kwa usiku ule anapaswa kurudi kwenye kipimajoto cha mshale. Tulimpa nyuzi 4 za jana akazichukua kuwa za leo. Kihesabio sasa husogea kipimo kinapofaulu tu, na simu huonyesha kistari kikikaa dakika tano bila kusogea.

Na mlinzi alikuwa ameieleza kasoro nzima kwa sentensi mbili. Alikuwa ameiona kwa usiku kadhaa, lakini hakuna aliyemuuliza aliona nini. Tuliuliza tu ni mara ngapi iliita. Karani sasa huandika maneno yake kila asubuhi katika safu mpya ya daftari, kando ya joto la usiku. Kurasa chache kabla ya safu hiyo kuanza, kwa zile usiku tisa kutoka siku ya 85 ya kwanza hadi betri kuisha, tulimwomba karani afute namba zilizonakiliwa kutoka kwenye simu, akaweka vistari.